Uga wa umeme kati ya chaji nukta: njia tano za kuukokotoa, na ipi ishikwe lini

Swali ni lilelile kila muhula: chaji mbili zimewekwa, umbali umetajwa, tafuta uga wa umeme mahali fulani, yaani nguvu ambayo kila kulombi moja ya chaji ingesukumwa nayo hapo. Kinachomkwamisha mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), awe Tabora mjini, Urambo, Kasulu au Ujiji, si kukosa fomula. Fomula anayo. Anachokosa ni kujua ashike njia ipi, maana kitabu kimoja kinajumlisha namba tu, kingine kinachora mishale, cha tatu kinaleta pembe na kosaini, na mwalimu wa masomo ya ziada anasisitiza potenshali kwanza. Wote hao wako sahihi. Njia zao zinatofautiana kwa muda zinaokula na kwa aina ya kosa zinalolikaribisha.

Tutazipitisha zote tano kwenye swali moja, ili tofauti ionekane kwa namba.

## Swali la kupimia

Chaji A ni +8 nC (nanokulombi, yaani sehemu ya bilioni ya kulombi). Chaji B ni −2 nC. Zipo hewani, B ikiwa kulia kwa A kwa sentimita 10. Tunatafuta uga sehemu tatu:

- M, katikati kabisa, sentimita 5 kutoka kila chaji;
- P, nje ya mstari, sentimita 6 kutoka A na sentimita 8 kutoka B;
- N, mahali popote ambapo uga ni sifuri.

Kanuni ni ile ambayo Coulomb aliitangaza mwaka 1785, ikigawanywa kwa chaji ya majaribio: E = kq/r², ambapo E ni uga, q ni chaji, r ni umbali kutoka kwenye chaji, na k ni namba isiyobadilika. Thamani ya k ni 8.988 × 10⁹, lakini shuleni tunatumia 9 × 10⁹. Tofauti haifiki asilimia 0.2. Kabla ya lolote, zidisha k na q mara moja tu uweke pembeni. Nanokulombi moja inatoa 9, kwa hiyo A ina 72 na B ina 18. Ikiwa swali limetoa maikrokulombi, kila moja inatoa 9,000. Ujanja huu mdogo unakuepusha kubonyeza 10⁹ na 10⁻⁹ kila mstari, na hapo ndipo vikokotoo vinapotuangusha: anayebonyeza 8 × 10 kisha kitufe cha EXP kisha −9 amekwisha kuzidisha jibu lake mara kumi bila kujua, kwa sababu kitufe hicho tayari kimebeba "mara kumi kwa kipeo cha".

## Vigezo

Tunaangalia mambo matano. Nukta inayoulizwa ipo kwenye mstari wa chaji au nje yake? Zinaulizwa nukta ngapi? Jibu linatakiwa liwe sahihi kiasi gani? Una vifaa gani mkononi: mkebe wa hisabati, kikokotoo au kompyuta? Na mwisho, njia hiyo ukiikosea, kosa litaonekana mapema au litajificha hadi karatasi irudi na wino mwekundu? Kwa maoni yetu kigezo hiki cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kisichozungumzwa.

Jambo moja ni la njia zote. Uga ni vekta, yaani una ukubwa na pia mwelekeo. Anayejua wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika ameona taa zao usiku wa giza: mwanga wa taa nao hufifia kwa mraba wa umbali, kama uga. Lakini ukisimama kati ya taa mbili, mwanga wa huku na wa kule unajumlika tu, hakuna taa inayofuta nyingine. Chaji sivyo. Kati ya chaji mbili chanya zilizo sawa, katikati kabisa uga ni sifuri, ingawa kila moja peke yake inasukuma vikali. Mwanafunzi anayejumlisha uga kama mwanga ndiye anayepoteza alama nyingi kuliko anayekosea kuzidisha.

## Njia ya kwanza: kujumlisha kwenye mstari mmoja

Inavyofanywa. Tafuta ukubwa wa kila uga ukiacha alama ya chaji kando. Kisha jiulize: chaji ndogo chanya ikiwekwa hapa, A itaisukuma wapi? B itaivuta wapi? Chora mshale mmoja mmoja. Mishale ikielekea upande mmoja, jumlisha, ikipingana, toa.

Kwenye M: A inatoa 72 ÷ 0.0025 = 28,800 N/C (nyutoni kwa kulombi) kuelekea kulia. B inatoa 18 ÷ 0.0025 = 7,200 N/C, nayo kuelekea kulia kwa sababu chaji hasi huvuta. Jumla ni 36,000 N/C kuelekea B. Dakika mbili, umemaliza.

Kwa N, usikimbilie hesabu. Gawa mstari katika maeneo matatu kwanza. Kati ya A na B mishale yote inaelekea kulia, haiwezi kufutana. Kushoto kwa A mishale inapingana, lakini A ni kubwa na pia ipo karibu zaidi, hivyo B haiwezi kuifikia. Limebaki eneo la kulia kwa B. Weka x kuwa umbali kutoka B: 72/(0.10 + x)² = 18/x². Chukua kipeuo cha pili pande zote mbili, upate 2x = 0.10 + x, yaani x = 0.10 m. N ipo sentimita 10 kulia kwa B. Hakiki: 72 ÷ 0.04 = 1,800, na 18 ÷ 0.01 = 1,800.

Inapoharibika. Kuna makosa matatu, na ya kwanza ndiyo maarufu. Mtu anaingiza −2 kwenye fomula, anapata −7,200, kisha anaijumlisha na 28,800 na kuandika 21,600 N/C. Alama ya kutoa aliyoiweka ilikuwa inasema "B inavuta", naye ameisoma kama "B inapinga". Kwenye njia hii alama ya chaji hutumika mara moja tu, kuchora mshale. Ikiingia pia kwenye namba imehesabiwa mara mbili.

La pili ni mita. Sentimita 5 ikipigwa mraba ni sentimita za mraba 25, na hizo ni 0.0025 za mita ya mraba, si 0.25. Anayegawa kwa 100 badala ya 10,000 anapata 288 N/C mahali pa 28,800. Geuza kuwa mita kabla ya kupiga mraba.

La tatu linawapata hata wazuri. Ukifungua mabano ya mlinganyo wa N badala ya kuchukua kipeuo, unapata majibu mawili: 0.10 na −0.033. Hilo la pili lipo sentimita 3.3 kushoto kwa B, yaani kati ya chaji. Hapo uga wa A na wa B kweli ni sawa kwa ukubwa, 16,200 kila mmoja, ila zinaelekea upande uleule na jumla ni 32,400. Mlinganyo haujui mwelekeo. Wewe ndiye unayejua.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye nukta yake ipo kwenye mstari wa chaji. Kwa swali la "wapi uga ni sifuri" hatuoni sababu ya kutumia nyingine. Nje ya mstari, njia hii haina la kukwambia.

## Njia ya pili: mchoro wa skeli

Inavyofanywa. Rula, penseli iliyochongwa, bikari na kipimapembe. Chora AB ya sentimita 10. Kwa bikari, kata tao la sentimita 6 kutoka A na la sentimita 8 kutoka B; zinapokutana ndipo P. Kokotoa ukubwa kama kawaida: A inatoa 72 ÷ 0.0036 = 20,000 N/C, B inatoa 18 ÷ 0.0064 = 2,812.5 N/C. Chagua skeli, tuseme sentimita 1 kwa 2,000 N/C. Kutoka P chora mshale wa sentimita 10 unaoondoka A, na mwishoni mwake unganisha mwingine wa sentimita 1.4 sambamba na mstari wa P kwenda B. Mstari kutoka P hadi ncha ya mwisho ndio jibu. Ukipimwa unatoa takribani sentimita 10.1, yaani 20,200 N/C, kwa pembe ya kama digrii 45 juu ya mstari wa AB.

Inapoharibika. Kwenye skeli hii milimita moja ni 200 N/C, na milimita moja ni unene wa penseli butu. Mshale wa B una milimita 14 tu, kwa hiyo mwelekeo wake unakosewa kirahisi. Chaji moja ikiwa kubwa mara mia kuliko nyingine, mchoro hauna maana tena: mmoja hautatosha kwenye karatasi au mwingine hautaonekana.

Inamfaa nani. Anayeanza, ambaye bado anachanganya mwelekeo. Na kila mtu kama hakiki, hata ukichorwa kwa mkono bure pembeni mwa karatasi bila rula. Kosa la njia hii ni dogo siku zote na linaonekana kwa macho. Sifa hiyo nyingine hazina.

## Njia ya tatu: vipengele vya x na y

Hii ndiyo kazi ya kila siku ya kidato cha tano na sita.

Inavyofanywa. Weka A kwenye asili, mhimili wa x upite B. Tafuta viratibu vya P. Kwa kuwa 6, 8 na 10 zinaunda pembetatu yenye pembe mraba, x ya P ni 36 ÷ 10 = 3.6 cm na y ni 48 ÷ 10 = 4.8 cm. Sasa, badala ya kutafuta pembe, tumia uwiano wa pande.

Kutoka A hadi P unasogea 3.6 kulia na 4.8 juu, ndani ya 6. Uwiano ni 0.6 na 0.8. Uga wa A kwa hiyo ni 12,000 kulia na 16,000 juu.

B inavuta, hivyo mshale wake unatoka P kwenda B: 6.4 kulia, 4.8 chini, ndani ya 8. Uwiano ni 0.8 na −0.6. Uga wa B ni 2,250 kulia na 1,687.5 chini.

Jumlisha x na x, y na y: 14,250 kulia, 14,312.5 juu. Kwa kanuni ya Pythagoras ukubwa ni 20,197 N/C, tuseme 2.02 × 10⁴. Mwelekeo: 14,312.5 ÷ 14,250 = 1.0044, kinyume cha tanjiti chake ni digrii 45.1 juu ya mhimili wa x.

Angalia kwamba hakuna kosaini iliyotajwa. Wengi hufundishwa "x ni kosaini, y ni saini" na kuishika kama sala, na siku pembe inapopimwa kutoka mhimili wa y sala hiyo inawageuka. Uwiano wa pande hauna tatizo hilo, na alama ya kujumlisha au kutoa inakuja yenyewe kutokana na kusogea kulia au kushoto, juu au chini. Ukitaka kutumia pembe, hakikisha kikokotoo kipo kwenye digrii wala si radiani; herufi ndogo ya D au R juu ya kioo ndiyo inayokuambia.

Kabla ya kushika kalamu tazama ulinganifu. Chaji nne zilizo sawa kwenye pembe nne za mraba zinatoa sifuri katikati, hakuna hesabu. Chaji mbili za +3 nC zilizotengana sentimita 6, na nukta sentimita 4 juu ya katikati yao: kila moja ipo sentimita 5 kutoka kwenye nukta na inatoa 27 ÷ 0.0025 = 10,800 N/C; vipengele vya x vinafutana, vya y vinajumlika, kila kimoja 10,800 × 0.8 = 8,640. Jibu ni 17,280 N/C kwenda juu. Anayeandika vipengele vyote vinne hapa hajakosea, amepoteza muda tu.

Inapoharibika. Mwishoni, kwenye pembe. Kikokotoo hakijui mshale upo robo ipi ya duara. Ukipata Ex = −3 na Ey = 4, kinyume cha tanjiti kitakupa −53.1°, yaani kulia na chini, wakati mshale wako unakwenda kushoto na juu: 126.9°. Ex ikiwa hasi, ongeza 180. Kosa jingine ni kukata desimali mapema. Uwiano kama 0.6 na 0.8 ni wa kubuniwa na watunga maswali. Ukikutana na 0.7071 usiiandike 0.7, maana umekwisha kupoteza asilimia moja kabla ya kuanza.

Na kosa hapa linajificha. Namba 20,197 ikitoka 18,900 hakuna kitakachokushtua. Ndiyo maana tunasema mchoro wa mkono uwe pembeni.

Inamfaa nani. Mwenye chaji mbili hadi nne, nukta moja au mbili nje ya mstari, kikokotoo cha kawaida, na jibu linalotakiwa liwe kamili. Chaji zikifika sita au nukta zikifika kumi, mkono unachoka, na mkono uliochoka hukosea.

## Njia ya nne: potenshali kwanza, uga baadaye

Inavyofanywa. Potenshali ni nishati kwa kila kulombi moja, hupimwa kwa volti. Ya chaji nukta ni V = kq/r, haina mwelekeo, na alama ya chaji inaingia kwenye fomula bila wasiwasi. Kwenye M: 72 ÷ 0.05 − 18 ÷ 0.05 = 1,440 − 360 = 1,080 V. Kwenye P: 1,200 − 225 = 975 V. Hakuna mshale, hakuna pembe.

Uga ni mteremko wa potenshali hiyo. Fikiria reli kutoka Tabora kwenda Kigoma. Tabora ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, uso wa Ziwa Tanganyika upo mita 770 na kidogo, na njia ni kilomita 400 na ushei. Potenshali ni kimo. Uga ni jinsi ardhi inavyoshuka, na unaelekea kule kunakoshuka. Kwa wastani reli inashuka kama mita moja kila kilomita. Lakini wastani huo haukwambii lolote kuhusu mteremko wa milima unapokaribia ziwa. Ukitaka mteremko wa mahali, pima kimo cha sehemu mbili zilizo karibu sana na mahali hapo.

Ndivyo tunavyofanya kwenye M. Chukua potenshali sentimita 4.9 na 5.1 kutoka A: 1,116.4 V na 1,044.4 V. Tofauti ni volti 72.0 ndani ya mita 0.002, sawa na 36,000 V/m, na V/m ni kitu kilekile na N/C. Ukienda mbali zaidi, sentimita 4 na 6, unapata 1,500 na 750. Tofauti 750 ÷ 0.02 = 37,500, umekosea asilimia nne. Hatua ndogo inasaidia, lakini si ndogo kupita kiasi: ukitoa namba mbili zinazokaribia kulingana huku ukiwa umekata desimali, unabaki na makapi.

Anayejua hesabu ya dy/dx hahitaji hatua. Kati ya chaji V = 72/x − 18/(0.10 − x), geuza kuwa mteremko, badili alama, unapata 72/x² + 18/(0.10 − x)², ambayo kwenye M ni 36,000 kamili. Nje ya mstari unafanya hivyo mara mbili, kwa x na kwa y, na hapo urahisi unapungua sana.

Inapoharibika. Kwenye imani kwamba V ikiwa sifuri na uga ni sifuri. Hapana. Sentimita 8 kutoka A kuelekea B, potenshali ni 900 − 900 = 0 V, ilhali uga hapo ni 11,250 + 45,000 = 56,250 N/C, mkali kuliko wa M. Na kwenye N, ambako uga ni sifuri, potenshali ni 360 − 180 = 180 V. Kimo sifuri si ardhi tambarare: ufukwe wa bahari uko kwenye kimo sifuri, na bado unaweza kuwa mteremko mkali. Kosa jingine ni kusahau alama ya kutoa, ukapata ukubwa sahihi na mshale uliogeuka.

Inamfaa nani. Swali likiuliza pia kazi au nishati ya kuhamisha chaji, anza hapa bila kufikiri mara mbili. Vilevile mwenye chaji nyingi ambaye anataka picha ya jumla, na mwanafunzi wa PCM anayependa dy/dx kuliko mishale. Kwa mwanafunzi wa PCB anayetaka uga wa nukta moja tu nje ya mstari, mzunguko huu ni mrefu bila faida.

## Njia ya tano: lahajedwali

Inavyofanywa. Kompyuta, au simu yenye programu ya lahajedwali (kama Excel), haihitaji intaneti. Mstari wa kwanza weka vichwa. Kila chaji ina mstari wake: safu A ni x, B ni y (zote kwa mita), C ni kq pamoja na alama yake (72, kisha −18). Viratibu vya nukta weka J1 na J2. Kisha:

D2: =$J$1-A2
E2: =$J$2-B2
F2: =(D2^2+E2^2)^1.5
G2: =C2*D2/F2
H2: =C2*E2/F2

Buruta chini hadi chaji ya mwisho. Kwa chaji zetu mbili, G4 ni =SUM(G2:G3), H4 ni =SUM(H2:H3). Ukubwa ni =SQRT(G4^2+H4^2), mwelekeo =DEGREES(ATAN2(G4,H4)). Ukiweka 0.036 na 0.048 utaona 14,250 na 14,312.5 zikitokea. Badili J1 na J2, jibu jipya linakuja papo hapo.

Inapoharibika. Kipeo. Kinachowekwa ni 1.5, si 1, kwa sababu D2 ina umbali ndani yake na lazima ufutwe na r ya tatu. Anayeweka 1 anapata jibu dogo mno na lahajedwali haimkatazi. Alama za dola zikisahaulika, mstari wa pili utatafuta nukta yake J2 na J3. ATAN2 ya lahajedwali inataka x kwanza, ilhali kwenye Python na lugha nyingi za programu y ndiyo inatangulia. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine hupata pembe iliyopinduka. Nukta ikiwekwa juu ya chaji yenyewe utaona kosa la kugawa kwa sifuri, na hilo ni jema: hapo fomula kweli haina jibu. Kumbuka pia kwamba hapa alama ya chaji inaingia kwenye namba, kinyume na njia ya kwanza. Anayechanganya desturi hizi mbili ndiye aliyepotea.

Inamfaa nani. Mwalimu anayetunga maswali na kutaka majibu ya kuhakiki, mwanafunzi wa chuo, au darasa linalotaka kuchora ramani ya uga kwa nukta mia mbili. Kwenye chumba cha mtihani haipo. Na umeme ukikatika, mkebe wa hisabati haujali.

## Hakiki inayofaa kwa zote

Hewa kavu huvunjika na kutoa cheche uga ukifika karibu 3,000,000 V/m. Jibu lako likizidi hapo, kitu hakiko sawa: ama umekosea mita, ama mtunga swali hakujali. Na mara nyingi ni mtunga swali. Maikrokulombi moja kwa umbali wa sentimita 5 inatoa 3,600,000 N/C, kitu ambacho hewa ya Kigoma wala ya popote isingekivumilia, lakini vitabu vimejaa maswali ya namna hiyo. Andika jibu lako, endelea. Swali likisema chaji zipo ndani ya maji, gawa jibu la hewani kwa takribani 80.

Njia zote zinadai chaji ziwe nukta. Tufe mbili za chuma zenye nusu kipenyo cha sentimita 2, zikitengana sentimita 10, si nukta: chaji zitahama juu ya nyuso zake, na hakuna njia kati ya hizi itakayokupa jibu sahihi.

## Kwa hali yako

Nukta ipo kati ya chaji, kwenye mstari: njia ya kwanza, na mishale ichorwe kabla ya namba.

Unatafuta mahali uga ulipo sifuri: njia ya kwanza tena, maeneo matatu kwanza, mlinganyo baadaye.

Nukta ipo nje ya mstari, chaji mbili hadi nne: vipengele kwa uwiano wa pande, mchoro wa mkono pembeni. Kama kuna ulinganifu, nusu ya kazi imekwisha.

Swali lina sehemu (a) ya potenshali na sehemu (b) ya uga: usidhani lazima (b) itokane na (a). Kwenye mstari, mteremko unafaa. Nje ya mstari, fanya (b) kwa vipengele kana kwamba (a) haipo.

Unafundisha na una nukta nyingi za kuhakiki: lahajedwali, lakini nukta ya kwanza ikokotoe kwa mkono ili ujue fomula ulizoandika hazijapinda.

Umekwama kabisa na zimebaki dakika tatu za mtihani: kokotoa ukubwa wa kila uga, chora mishale miwili yenye urefu unaolingana na namba hizo, andika mwelekeo wa jumla kwa maneno. Ukubwa na mwelekeo wa kila chaji ni sehemu kubwa ya kazi, hata kama jumla haikukamilika.